Bibi Frances Willard, Aliyejifunza Baiskeli Akiwa na Miaka 53

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma habari za maaskofu, wamisionari na mashahidi wa imani. Safari hii tumtazame mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Frances Willard. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita jina lake lilijulikana katika nchi nyingi, lakini siku hizi ni wachache wanaolitaja. Aliongoza umoja mkubwa wa wanawake, akahutubia watu wengi mno, na sanamu yake imesimama katika jengo la Bunge la nchi yake. Hayo tutayagusa. Lakini tutakaa zaidi na jambo ambalo wengi wanaoandika maisha yake hulipita mbio, yaani jinsi alivyojifunza kupanda baiskeli akiwa mama wa makamo, mgonjwa na mwenye msiba, na baiskeli hiyo ilimfanyia nini.

Frances alizaliwa tarehe 28 Septemba 1839 katika kijiji cha Churchville, jimbo la New York. Baba yake, Josiah, na mama yake, Mary, walikuwa watu wa dini na wapenda elimu. Alipokuwa na miaka miwili walihamia Oberlin katika jimbo la Ohio, na huko wazazi wote wawili waliingia chuoni kusoma, jambo lisilokuwa la kawaida kwa mama mwenye watoto katika siku zile. Mwaka 1846 afya ya baba ilidhoofika. Wakapakia vyombo vyao katika magari ya kukokotwa, wakaelekea magharibi mpaka Wisconsin, wakafungua shamba kando ya mto Rock, karibu na mji wa Janesville.

Huko majirani walikuwa mbali, na watoto walikuwa watatu tu: Oliver, Frances na mdogo wao Mary. Basi Frances alikua kama mtoto wa porini. Alitaka aitwe Frank, jina la kiume, akakata nywele zake fupi, akakimbia mashambani pamoja na kaka yake na kupanda miti. Baba alikuwa mkali katika jambo moja: hakupenda binti zake wapande farasi. Frances hakubishana naye. Alimchukua ng'ombe, akamzoeza polepole kubeba mtu mgongoni, akampanda huyo. Msomaji na aikumbuke habari hii ya ng'ombe, maana mtoto yule ndiye mwanamke tutakayemwona baadaye.

Alipofikisha umri wa miaka 16 mambo yalibadilika kwa siku moja. Aliletewa sketi ndefu za kufagia chini, vazi la kubana kiuno na viatu vya kisigino kirefu, na nywele zake zikafungwa nyuma kwa vibanio. Kwa desturi ya wakati ule alikuwa sasa mwanamwali, na mwanamwali hakimbii. Katika kitabu chake cha kila siku aliandika kwa uchungu kwamba kazi aliyoijua imekwisha. Tangu siku ile, asema yeye mwenyewe, hakupenda tena kutembea kwa miguu, maana kila hatua ilikuwa kupigana na nguo. Alijifungia na vitabu. Watu wakamsifu kwa elimu yake, wala hakuna aliyeuliza mwili wake umepatwa na nini.

Mwaka 1858 jamaa hiyo ilihamia Evanston, kando ya ziwa Michigan, karibu na Chicago, na mwaka 1859 Frances akamaliza masomo yake katika chuo cha wanawake cha hapo. Akawa mwalimu. Mdogo wake Mary alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1862, akiwa na miaka 19 tu, na Frances akaandika kitabu kidogo cha kumkumbuka. Alichumbiwa na kijana mchungaji wa Kimethodisti, Charles Fowler, lakini uchumba ukavunjika, wala hakuolewa maisha yake yote. Baba alikufa mwaka 1868. Mwaka huo huo Frances alisafiri na rafiki yake Kate Jackson, wakazunguka Ulaya, Misri na nchi ya Palestina kwa muda wa miaka miwili na zaidi.

Mwaka 1871 alifanywa mkuu wa Chuo cha Wanawake cha Evanston. Mwaka huo huo moto mkubwa uliteketeza Chicago, na fedha walizoahidi matajiri wa mji zikateketea pamoja na maduka yao. Chuo kikashindwa kujitegemea, kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1873. Na mkuu wa Northwestern alikuwa nani? Charles Fowler yule yule aliyekuwa mchumba wake. Hawakupatana juu ya madaraka ya kuwasimamia wasichana, na mwaka 1874 Frances akajiuzulu. Akawa na miaka 34, hana kazi, na mama mzee wa kumtunza.

Mwaka ule ule wanawake wa Kikristo walikuwa wanaingia katika vilabu vya pombe na kupiga magoti sakafuni wakiwaombea wenye vilabu wafunge biashara zao. Wengi wao walikuwa wake ambao waume zao walikunywa mshahara wote kabla ya kufika nyumbani, na sheria haikuwapa njia ya kujitetea. Kutokana na vuguvugu hilo ukazaliwa Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi, katika mji wa Cleveland, Novemba 1874. Frances Willard akawa katibu wake, na mwaka 1879 akachaguliwa kuwa rais. Cheo hicho alikuwa nacho mpaka siku ya kufa kwake.

Kazi yake katika umoja ule ingetosha kujaza kitabu. Alitaka wanawake wasiishie katika kupinga pombe tu, bali washike kila jambo linalohusu nyumba na watoto: shule za watoto wadogo, hali ya magereza, saa za kazi viwandani, ulinzi wa wasichana, na haki ya kupiga kura. Mwaka 1883 alihutubia katika kila jimbo la nchi yake. Husemwa kwamba kwa miaka kumi hivi alisafiri kilomita karibu 48,000 kila mwaka, kwa garimoshi na kwa magari ya farasi, na kutoa hotuba 400 kwa mwaka. Aliyekuwa naye karibu siku zote ni katibu wake mwaminifu, Anna Gordon. Walipokuwa ndani ya behewa waliandika barua, waliposhuka walikwenda moja kwa moja ukumbini, na usiku walirudi kuandika tena. Mtu mwenye mwili wa chuma angechoka, na Frances hakuwa na mwili wa chuma.

Agosti 1892 mama yake alifariki dunia akiwa na miaka 87. Oliver alikuwa amekwisha kufa mwaka 1878. Hivyo katika wale watano wa shamba la Wisconsin alibaki Frances peke yake. Mama huyu ndiye aliyemwachia binti yake kukimbia na kupanda miti wakati majirani walipotikisa vichwa, na walikuwa wameishi pamoja karibu siku zote. Frances akavunjika moyo na mwili. Damu yake ilipungua, usingizi ukamkimbia. Rafiki yake wa Uingereza, Lady Henry Somerset, aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa kupinga ulevi huko, akamkaribisha akapumzike. Akavuka bahari, akakaa Uingereza muda mrefu, mara nyingi katika nyumba za rafiki yake, mojawapo ikiwa Reigate, kusini ya London. Madaktari na marafiki wakamwambia jambo moja: atoke nje, apate hewa na mazoezi.

Hapo tusimame kidogo tuitazame baiskeli yenyewe. Mtambo wa kwanza wa magurudumu mawili, ulioendeshwa kwa kusukuma ardhi kwa miguu, uliundwa na Mjerumani Karl von Drais mwaka 1817. Miaka ya 1870 zikaja baiskeli za gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, ambazo mpandaji wake alikaa juu kama mtu juu ya dari, na akianguka aliangukia kichwa. Mwanamke mwenye sketi ndefu hakuweza hata kuiwaza. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley akatoa baiskeli ya magurudumu yaliyolingana, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baiskeli zote tunazozijua sisi. Kisha mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akatengeneza mpira wenye upepo ndani yake kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na safari ikawa laini. Mafundi walipokunja fremu ikashuka chini mbele ya kiti, mtindo ambao kwetu huitwa baiskeli ya kike, mwanamke aliweza kupanda pasipo kuinua mguu juu ya mtalimbo.

Lady Henry alimpa Frances baiskeli ya namna hiyo. Frances akaiita Gladys, jina la kike ambalo masikioni mwa Waingereza linakaribiana na neno lao la furaha, kwa sababu, alisema, ilimfurahisha na kumpa afya. Akaanza kujifunza akiwa na miaka 53.

Yeyote aliyejifunza baiskeli akiwa mtoto, kwa kuingiza mguu chini ya mtalimbo wa baiskeli ya baba, hawezi kujua ni kazi gani kwa mtu mzima. Mtoto huanguka akainuka. Mtu mzima anajua bei ya mfupa. Frances alieleza hatua zake bila kuficha lolote. Mwanzoni vijana watatu wa Kiingereza wenye mikono yenye nguvu waliishika baiskeli isitikisike wakati yeye anapanda kwa woga. Kisha wasichana wawili, mmoja huku na mmoja huku, walisukumana mpaka nyuso zikawa nyekundu, ili tu isimame wima. Baadaye akabaki mtu mmoja wa kutembea kando yake. Na mwisho, wa kumshika hakuwapo tena.

Alijiwekea kipimo cha dakika kama 15 kila siku, wala hakuzidisha kwa pupa. Ilimchukua miezi mitatu hivi. Kwanza kukanyaga pedeli, pili kugeuka, tatu kushuka, nne kupanda peke yake. Akahesabu muda wote aliotumia akapata dakika 1,300, nayo ni saa 22 hivi, akacheka kwamba kwa kweli amejifunza kwa muda usiofika siku moja kamili. Wale wanaosema hawana nafasi ya kujifunza jambo jipya na waifanye hesabu hiyo wenyewe.

Jambo alilolisisitiza kuliko yote ni macho. Aligundua kwamba akiangalia gurudumu la mbele, au shimo, au jiwe analoliogopa, baiskeli humpeleka huko huko. Akiinua macho akatazama mbele, njia iendako, usukani hunyooka wenyewe. Kila fundi wa baiskeli anaijua kanuni hii na sababu yake: mtu anayetazama chini hukaza mikono na kuchelewa kusahihisha, na baiskeli husimama wima kwa kusahihishwa kidogo kidogo bila kukoma. Lakini Frances aliona pia kwamba mtambo ule haukuwa na ubaya wowote, wala haukumwonea. Kila alipoyumba, aliyeyumba alikuwa ni yeye, kwa hofu yake au kwa nia mbili. Akaamua kwamba hatailaumu Gladys tena.

Tarehe 20 Januari, wakati wa baridi ya Uingereza, alipanda akaondoka peke yake, bila mkono wa mtu na bila mtu wa kusimama karibu kumtia moyo. Alisema tangu saa ile Gladys hakuwa fumbo tena kwake. Fikirini: miaka 37 ilikuwa imepita tangu siku alipovikwa zile sketi.

Nguo nazo alizifikiria. Hakuvaa suruali pana kama baadhi ya wanawake waendesha baiskeli wa wakati wake, ambao walizomewa njiani. Yeye alivaa blauzi na sketi ya kitambaa kizito cha sufu, lakini sketi ikikomea inchi tatu juu ya ardhi, kofia ya majani na viatu vya kutembelea. Kwetu sisi inchi tatu si kitu. Kwa mwaka ule zilikuwa tangazo. Aliamini kwamba wanawake wakipenda baiskeli wataacha wenyewe nguo za kuwabana mbavu, kwa sababu mtu hawezi kupumua mlimani akiwa amefungwa kama mzigo. Wahubiri wa mavazi walikuwa wamesema miaka mingi bila kusikilizwa, na baiskeli ikawasaidia kwa kipindi kifupi kuliko hotuba zao zote.

Walikuwapo waliopinga. Baadhi ya madaktari walionya kwamba baiskeli itaharibu sura za wanawake, kwa kukaza uso wakati wa kusawazisha, au itadhuru uzazi. Wachungaji wengine walisema ni utovu wa adabu. Nasi tusiwacheke mno, kwa maana zipo hata leo sehemu za kwetu ambapo msichana juu ya baiskeli hutazamwa vibaya, na mama anayebebwa nyuma kwenye keria na mumewe huonekana yuko mahali pake, lakini akishika usukani mwenyewe kwenda zahanati minong'ono huanza.

Frances alikuwa na hoja nyingine iliyotoka katika kazi yake. Kijana mwenye baiskeli ana mahali pa kwenda jioni. Kilabu cha pombe kiliwavuta vijana kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufurahisha mtu maskini baada ya kazi, naye alikubali kwamba kumkemea mlevi bila kumpa furaha nyingine ni kazi bure. Tena baiskeli haipatani na ulevi kwa namna yake yenyewe, kwani hutaka kichwa kitulivu na mikono isiyotetemeka, na mlevi akipanda hukumu yake haichelewi. Alipenda pia kwamba mume na mke, kaka na dada, waliweza kwenda pamoja. Alisema kwamba mwanamume anayeona dada yake akipanda mlima kwa nguvu zake mwenyewe hawezi kurudi kumfikiria kuwa kiumbe dhaifu.

Mwaka 1895 aliyatoa yote haya katika kitabu kidogo, kilichochapwa na Fleming H. Revell, mchapishaji wa vitabu vya Kikristo. Kilipendwa sana. Mwanamke aliyeheshimiwa kama mama wa taifa, mwenye miwani na utepe mweupe kifuani, alikuwa anawaambia wenzake kwamba ameanguka na kuinuka, na kwamba wao pia wanaweza. Haikuwezekana tena kusema kwamba baiskeli ni ya wasichana wahuni.

Katika kipindi hicho hicho alichokaa Uingereza lilimpata jambo zito, wala si haki kulificha. Mwaka 1892 watu watatu weusi wenye duka katika mji wa Memphis waliuawa na kundi la wazungu. Rafiki yao Ida B. Wells, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa katika utumwa mwaka 1862, akaanza kuandika ukweli wa mauaji ya namna hiyo. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwa, naye akalazimika kuhama. Alikuja Uingereza mwaka 1893 na tena mwaka 1894 kuwaeleza watu mambo hayo, na kila alipofika aliulizwa kama Bibi Willard anapinga mauaji hayo. Akajibu kwa kuonyesha mahojiano ambayo Frances aliyatoa katika gazeti moja la New York mwaka 1890. Humo aliwasema vibaya watu weusi wa Kusini, kana kwamba wao na pombe ndio hatari kwa wanawake, na hivyo akawapa wauaji udhuru.

Wells alipoyachapisha tena maneno hayo Uingereza, Lady Henry alijaribu kumzuia, na Frances akajitetea. Alisema anachukia mauaji, na umoja wake ulikuwa umepitisha azimio la kuyapinga. Lakini hakuyafuta wazi maneno yake ya 1890, na mwishoni mwa 1894, katika mkutano wa Cleveland, alimlaumu Wells kwa kutia chumvi. Matawi ya umoja wake kule Kusini yaliwatenga wanawake weusi, naye aliogopa kuyapoteza. Wells alieleza mgogoro huo katika kitabu chake cha 1895, mwaka ule ule wa kitabu cha baiskeli. Mwandishi wa habari hii anampenda Frances Willard, lakini hapa hawezi kumtetea. Yeye aliyejua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kufungwa na desturi za wengine alitazama vifungo vya Wells akahesabu kwanza wanachama wake. Wells alikuwa na miaka 32 hivi, hana jumba la rafiki la kupumzikia, na maneno yake yalikuwa ya kweli.

Miaka miwili baadaye lilitokea jambo lingine, nalo pia linamhusu yeye na baiskeli. Mwaka 1896 Frances na Lady Henry walikuwa Ufaransa kwa likizo ya baiskeli katika nchi ya Normandy. Ni nchi nzuri kwa safari hiyo, yenye mashamba ya matofaa na vijiji vya karibu karibu. Frances alikuwa dhaifu tena, na likizo hiyo alikuwa ameihitaji kwa muda mrefu. Hapo habari zikawafikia kwamba Waarmenia waliokimbia mauaji katika dola ya Sultani wa Uturuki wameshuka katika bandari ya Marseille, upande wa pili kabisa wa Ufaransa, hawana chakula wala mahali pa kulala. Waarmenia wengi walikuwa wameuawa tangu 1894, na Agosti ya mwaka huo damu ilimwagika katika mitaa ya Constantinople yenyewe.

Wale mabibi wawili wakaacha likizo, wakapanda garimoshi kwenda Marseille. Wakapewa sehemu ya hospitali ya zamani, wakaifanya kimbilio, wakapanga chakula, nguo na vitanda. Frances akaandikia matawi ya umoja wake kule Marekani yatafute nyumba za kuwapokea baadhi yao, naye akahangaika mpaka wengine wakaruhusiwa kuingia nchini. Haikuwa kazi ya mtu mgonjwa. Waliomwona baada ya hapo walisema hakurudia tena nguvu alizokuwa nazo.

Alirudi Marekani. Majira ya baridi ya mwaka 1898 alikuwa katika hoteli huko New York akijiandaa kuvuka bahari tena, homa ya mafua ikampata. Alifariki dunia tarehe 17 Februari 1898, akiwa na miaka 58. Mwili ulipelekwa kwa garimoshi mpaka Chicago, na makumi ya maelfu ya watu wakapanga mstari siku moja kumwona. Majivu yake yalizikwa katika kaburi la mama yake huko Rosehill, kama alivyotaka.

Mwaka 1905 jimbo la Illinois lilimsimamishia sanamu katika jengo la Bunge huko Washington, naye akawa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Marufuku ya pombe aliyoipigania ilianza nchini mwake mwaka 1920 na ikafutwa mwaka 1933, haikudumu. Kura za wanawake zilipatikana mwaka huo huo wa 1920, nazo zilidumu. Ida B. Wells aliishi mpaka 1931, akazikwa Chicago.

Nyumba ya Evanston, ambayo baba yake aliijenga mwaka 1865 na ambamo aliishi na mama yake, imehifadhiwa kuwa jumba la kumbukumbu. Ndani yake wageni huonyeshwa meza yake ya kuandikia, vitabu vyake, na Gladys mwenyewe, baiskeli ya kike yenye fremu iliyoinama, ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake mawili.